Jeshi lililojua kukimbia, na watumwa waliolikimbia

George Washington, jenerali wa makoloni ya Amerika katika vita vya kudai uhuru kutoka Uingereza, alishindwa vitani mara nyingi kuliko alivyoshinda. Alitolewa Brooklyn, akatolewa Manhattan, akapoteza ngome iliyobeba jina lake mwenyewe pamoja na askari wake wapatao 2,800 kwa siku moja. Alishindwa Brandywine, akashindwa Germantown, na Philadelphia, mji uliokuwa makao ya serikali aliyoipigania, ukaangukia mikononi mwa adui. Hata hivyo mwaka 1783 Uingereza, dola yenye jeshi la majini lililotisha dunia nzima, ilitia saini mkataba wa kukubali kwamba makoloni yake 13 ya Amerika ni nchi huru.

Nimesoma habari za vita hivi kwa miaka mingi, na swali linalonirudisha kila mara ni hilo: watu waliopigwa namna ile walishindaje? Jibu nililolifikia ni kwamba Washington alijifunza kukimbia. Alijifunza kuliokoa jeshi kwanza, heshima yake baadaye. Lakini kadiri nilivyozifuatilia njia zake za kurudi nyuma, ndivyo nilivyokutana na watu wengine wakikimbia kuelekea upande wa pili. Walikuwa watumwa, wakiwamo wa Washington mwenyewe, wakitoroka mashamba ya mabwana waliopigania uhuru, kwenda kuutafuta uhuru huo huo kwa mfalme wa Uingereza. Siwezi tena kusimulia habari moja nikaiacha nyingine.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye deni. Uingereza ilipomaliza vita vyake na Ufaransa mwaka 1763 ilikuwa imeipata Canada, na ilikuwa inadaiwa zaidi ya pauni milioni 120. Riba peke yake ilimeza zaidi ya nusu ya bajeti ya serikali kila mwaka. Wakubwa wa London wakatazama ng'ambo ya Atlantiki wakaona walowezi waliolindwa na vita hivyo, tena wanaolipa kodi ndogo kuliko ndugu zao waliobaki Uingereza, wakaona ni haki nao wachangie. Mwaka 1765 Bunge likapitisha sheria ya stempu: hati za mahakama, leseni, magazeti, hata karata za kuchezea, vyote vilipiwe. Walowezi wakajibu kwamba hawana mbunge hata mmoja London, sasa Bunge hilo linawatoza kodi kwa haki gani?

Sheria ilifutwa mwaka uliofuata. Lakini siku ile ile ilipofutwa, Bunge lilitangaza kwamba lina mamlaka ya kuwatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Kwangu mimi mzizi wa vita uko hapo. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Kilichogombewa ni nani mwenye neno la mwisho. Yaliyofuata wengi tumeyasoma shuleni: mwaka 1770 askari wa mfalme waliwapiga risasi watu Boston wakafa watano, wa kwanza wao Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika, Desemba 1773 masanduku 342 ya chai yakatupwa baharini, bandari ya Boston ikafungwa, na Aprili 19, 1775, wanamgambo na askari wa mfalme wakafyatuliana risasi Lexington na Concord.

Kuna sababu nyingine ambayo haikutajwa sana darasani kwetu, nayo ni ardhi. Mwaka 1763 mfalme alichora mpaka kwenye milima ya Appalachia na kuwakataza walowezi kuvuka kwenda magharibi, kwa kuwa hakutaka gharama za vita vingine na wenyeji wa Amerika. Washington na matajiri wenzake wa Virginia walikuwa wameshaweka matumaini na fedha zao katika mashamba ya ng'ambo ya mpaka huo. Kwa hiyo walipoanza kusema habari za uhuru, baadhi yao walikuwa na maana pia ya uhuru wa kuchukua nchi ya watu.

Sisi wa Afrika tuna sababu ya kulisikia hilo kwa makini. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru kutoka Uingereza, na tangazo lao liliiga waziwazi maneno ya mwanzo ya Azimio la Uhuru la Marekani la 1776. Sehemu moja waliiacha: ile inayosema watu wote wameumbwa sawa. Uingereza ilipokataa kuwazuia kwa nguvu, Tanzania ilivunja uhusiano wake wa kibalozi na London mwezi Desemba mwaka huo. Nyerere alielewa vizuri kwamba mlowezi anaweza kudai uhuru kwa sauti kubwa huku mguu wake uko juu ya shingo ya mtu mwingine. Sisemi kwamba Washington na Smith ni kitu kimoja. Kuna tofauti kubwa, na maneno yale ya usawa ndiyo tofauti yenyewe, kwa sababu Wamarekani waliyaandika, na baada ya kuyaandika hawakuweza tena kuyafuta. Ho Chi Minh aliyasoma Hanoi Septemba 2, 1945, alipowatangazia Wafaransa kwamba Vietnam ni huru.

Sasa turudi vitani.

Majira ya joto ya 1776 Waingereza walileta New York zaidi ya askari 30,000 pamoja na merikebu za vita na za mizigo kwa mamia. Kati ya wanajeshi hao walikuwamo Wajerumani waliokodishwa na watawala wao, wengi kutoka Hesse. Washington alikuwa na wakulima, mafundi na vijana wa mijini, wengi wao hawajawahi kusimama kwenye mstari wa vita. Agosti 27 Waingereza walipita njia moja upande wa mashariki wa Brooklyn ambayo hakuna aliyefikiria kuilinda vya kutosha, wakatokea nyuma yake. Jioni jeshi lake lilikuwa limebanwa kwenye vilima vya Brooklyn, adui mbele, mto mpana nyuma. Kama merikebu za Uingereza zingepata upepo wa kupanda ule mto, vita vingekwisha hapo, siku zisizozidi 60 baada ya Azimio la Uhuru kutangazwa.

Usiku wa Agosti 29, kwenye mvua, Washington aliwaita wavuvi. Kikosi cha Kanali John Glover kutoka Marblehead, Massachusetts, kilikuwa cha watu wa bahari: weupe, weusi na wenyeji wa Amerika waliozoea kukaa mashua moja. Walishika makasia kutoka usiku hadi asubuhi, wakivuka na kurudi, bila taa, bila kupiga kelele. Magurudumu ya mizinga yalifungwa matambara. Mioto ya kambini iliachwa ikiwaka ili adui adhani watu bado wamelala. Alfajiri ilipofika kabla kazi haijaisha, ukungu mzito ulishuka ukafunika mto wote. Askari wapatao 9,000 walivushwa, na Washington alikuwa miongoni mwa wa mwisho kupanda mashua.

Siku chache baadaye aliiandikia Kongresi ya makoloni kwamba kuanzia sasa vita viwe vya kujihami, waepuke pambano kubwa la kufa na kupona, wasiingie hatarini isipokuwa wamelazimika. Barua hiyo ilimgharimu. Alikuwa mtu mwenye kiburi, aliyelelewa katika desturi za mabwana wa Virginia, na sasa alikuwa anasema kwa maandishi kwamba mkakati wake ni kutokukamatwa. Lakini aliona jambo ambalo majenerali wa Uingereza walichelewa kuliona. Waingereza wangeweza kuteka mji wowote wa pwani, na kwa nyakati tofauti waliishika karibu yote mikubwa: Boston, New York, Philadelphia, Savannah, Charleston. Hawakuwa na askari wa kutosha kuikalia nchi iliyo nyuma ya miji hiyo. Madhali jeshi la Washington lilikuwa hai mahali fulani, hata likiwa la watu elfu tatu wenye njaa, uasi ulikuwa hai.

Na kweli lilikaribia kufa. Kufikia Desemba 1776 alikuwa amefukuzwa New Jersey yote, na mikataba ya askari wake wengi ilikuwa inakwisha tarehe 31 ya mwezi huo. Alimwandikia ndugu yake kwamba mchezo unakaribia kwisha. Ndipo usiku wa Krismasi alipovuka Mto Delaware uliojaa vipande vya barafu, akiwa na watu 2,400, kwa mashua ndefu zilizozoea kubeba chuma, wavuvi wale wale wa Glover wakiwa kazini. Asubuhi walivamia kambi ya Wajerumani huko Trenton wakateka wapatao 900. Kisha akasimama mbele ya askari waliokuwa wakifunga virago, akawaomba wabaki wiki sita tu, kwa nyongeza ya dola 10. Wengi walibaki, na Januari 3 wakashinda tena Princeton. Kwa hesabu ya vita vya Ulaya mapambano hayo yalikuwa madogo sana. Kwa watu waliokuwa wameshakata tamaa, yalitosha kuwafanya wajiandikishe tena.

Mjomba wangu alikuwa askari wa JWTZ wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na alipokuwa akituhadithia hakuanza kamwe na risasi. Alianza na viatu, maji na malaria. Nadhani ni kwa sababu yake kwamba nikisoma habari za vita vyovyote natafuta kwanza askari walikula nini, walivaa nini, na waliugua nini. Katika vita hivi, magonjwa yaliua askari wengi kuliko risasi. Kambi ya Valley Forge, karibu na Philadelphia, ilipokea askari wapatao 12,000 Desemba 1777. Kufikia Juni takriban 2,000 walikuwa wamekufa kwa homa na kuhara bila hata pambano moja kupiganwa hapo. Kulikuwa na chakula mashambani, lakini magari ya kukokotwa hayakuwapo, farasi walikufa kwa njaa, na wakulima walipendelea kuwauzia Waingereza waliolipa sarafu za kweli.

Hapo ndipo kichekesho kichungu cha uasi kilipojitokeza, nami sikisemi kwa dhihaka. Watu waliokataa kutozwa kodi walikuwa wameunda Kongresi isiyo na uwezo wa kutoza kodi. Ilichapisha noti, ikachapisha nyingine, hadi noti zikakosa thamani kabisa. Askari walikaa miezi bila mshahara, familia zao zikiomba chakula kwa majirani. Januari 1781 vikosi vya Pennsylvania viliasi, vikatoka kambini na mizinga yao kwenda kudai haki yao kwa viongozi. Walipofuatwa na majasusi wa Waingereza waliowaahidi malipo, waliwakamata wakawakabidhi wanyongwe. Walikuwa na njaa na hasira, lakini hawakuwa wasaliti. Askari wa namna hiyo wanastahili sanamu kuliko majenerali wengi.

Wanawake walijaza baadhi ya mapengo ambayo Kongresi ilishindwa kuyajaza. Mwaka 1780 Esther Reed wa Philadelphia na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakichangisha fedha za kuwapa askari mkononi. Washington alipendelea mashati. Reed alifariki Septemba mwaka huo huo, na Sarah Bache, binti wa Benjamin Franklin, akaendeleza kazi hadi yakapatikana mashati zaidi ya 2,000, yameshonwa na wanawake wenyewe.

Adui mkubwa kuliko wote alikuwa ndui. Washington aliugua ndui Barbados mwaka 1751 akiwa kijana, akapona na makovu usoni, kwa hiyo alijua ni ugonjwa gani. Mwanzoni mwa 1777 aliamuru jeshi zima lichanjwe: mtu anachanwa ngozi, anawekwa usaha wa mgonjwa wa ndui, anaugua kidogo, kisha hapati tena. Ilikuwa hatari, na ilibidi ifanywe kwa siri ili adui asijue ni vikosi gani vimelala vitandani. Wapo wanaosema uamuzi huu ulikuwa mkubwa kuliko pambano lolote aliloliongoza, nami nakubaliana nao. Ninachotaka kisisahaulike ni mojawapo ya njia zilizoifikisha elimu hiyo Amerika. Huko Boston, mtumwa Mwafrika aliyeitwa Onesimus alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao Afrika watu hukingwa na ndui kwa kuchanjwa, naye mwenyewe alikuwa amechanjwa. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather alitumia maelezo hayo kumshawishi daktari mmoja ajaribu, na waliochanjwa wakafa wachache sana kuliko walioupata ugonjwa wenyewe. Jeshi la uhuru la Marekani liliponea kwa ujuzi ambao kwa sehemu ulitoka kinywani mwa mtumwa.

Katika makoloni yale waliishi watu wapatao milioni 2.5, na takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa mtu mweusi, karibu wote watumwa. Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa mfalme katika Virginia, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayetoroka na kuja kupigana upande wa mfalme atakuwa huru. Hakulifanya kwa huruma. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, na watumwa wa watu waliokuwa watiifu kwa mfalme hawakuahidiwa chochote. Hata hivyo mamia walifika ndani ya wiki chache, wakapita mabwawa na mito usiku, wakajua kwamba wakikamatwa watachapwa, watauzwa visiwani au watauawa.

Mwezi uliofuata, Lund Washington, jamaa wa George Washington aliyekuwa akimsimamia shamba lake la Mount Vernon huko Virginia, alimwandikia jenerali kule kambini. Alimwambia kwamba hapakuwa na hata mmoja kati ya watu wake ambaye asingewaacha kama angeamini kwamba anaweza kuponyoka. Kisha akaongeza: uhuru ni mtamu.

Mmoja wa waliothibitisha maneno hayo aliitwa Harry. Inasadikiwa alizaliwa karibu na Mto Gambia. Washington alimnunua mwaka 1763, akamtumia kwanza katika mradi wa kukausha bwawa kubwa mpakani mwa Virginia na North Carolina, baadaye akawa mtunza farasi Mount Vernon. Mwaka 1771 Harry alitoroka akarudishwa. Mwaka 1776 alitoroka tena, akafika kwenye merikebu za Dunmore, na safari hii hakurudi. Alikuta huko watu wakifa kwa ndui kwa mamia, kwa kuwa chanjo iliyookoa jeshi la bwana wake haikuwahi kuwafikia wengi wao. Yeye alipona, akapanda hadi kuwa koplo katika kikosi cha watu weusi kilichofanya kazi za ujenzi na uchimbaji wa mahandaki ya Waingereza.

Upande wa waasi pia walikuwapo watu weusi, wapatao 5,000 katika vita vyote. Mwaka 1775 Washington alikataza wasiandikishwe. Tangazo la Dunmore na uhaba wa askari vikamfanya alegeze. Mwaka 1778 Rhode Island iliwapa watumwa uhuru ili wajiandikishe jeshini. Waliokwenda kwa Waingereza walikuwa wengi zaidi, maelfu kwa maelfu. Wote wawili, askari mweusi wa Rhode Island na Harry wa Mount Vernon, walifanya hesabu moja: nani ataniachia huru kwa hakika? Siwezi kumlaumu aliyepata jibu tofauti na mwenzake.

Ushindi wa kijeshi uliogeuza mambo haukuwa wa Washington. Oktoba 1777 Jenerali Burgoyne wa Uingereza, aliyeshuka kutoka Canada kupitia misitu, alizingirwa Saratoga akasalimu amri na jeshi lake zima. Ufaransa, ambayo ilikuwa ikitoa baruti na bunduki kwa siri, ikatia saini mkataba wa kushirikiana na waasi Februari 1778, na mwaka huo huo ikaingia vitani waziwazi. Hispania ikafuata, kisha Uholanzi. Kuanzia hapo London ililazimika kugawa merikebu zake kulinda visiwa vya sukari vya Karibi, Gibraltar, hata India. Uasi wa makoloni ukawa kona moja ya vita vya dunia.

Huko kusini vita vilikuwa vikali kuliko kwingine kokote, jirani dhidi ya jirani, nyumba zikichomwa pande zote. Charleston ilianguka Mei 1780 na askari wapatao 5,000 wakatekwa. Jenerali Nathanael Greene alipopewa yale mabaki ya jeshi la kusini, alifanya kwa ufundi zaidi yale aliyoyaanzisha Washington. Alirudi nyuma hadi Mto Dan, akimvuta Cornwallis, jenerali wa Uingereza, mamia ya maili kutoka kwenye maghala yake, hadi Cornwallis akachoma mizigo yake mwenyewe ili aweze kumfuata. Walipokutana Guilford Courthouse Machi 1781, Cornwallis alishinda na kupoteza zaidi ya robo ya watu wake. Greene aliandika kwamba tunapigana, tunapigwa, tunainuka, tunapigana tena. Hakushinda pambano kubwa hata moja kule kusini, na hadi mwisho wa mwaka Waingereza walikuwa wamebakiwa na miji ya pwani tu.

Cornwallis aliyechoka akaenda Virginia, akajichimbia Yorktown akitegemea bahari. Septemba 5 kundi la merikebu za Ufaransa chini ya de Grasse lililazimisha lile la Uingereza kurudi New York, na mlango wa bahari ukafungwa. Washington na Mfaransa Rochambeau walitembeza majeshi yao kutoka New York hadi Virginia, wakazingira mji, na Oktoba 19, 1781, Cornwallis akasalimu amri. Ukihesabu mabaharia, Wafaransa waliokuwapo walizidi Wamarekani.

Wakati wa mzingiro ule chakula kilipopungua, Waingereza waliwafukuza mjini watu weusi waliokuwa wamewakimbilia, wengi wao wakiugua ndui. Walikutwa wamekufa msituni kati ya mistari ya majeshi mawili. Waliosalia waliwindwa na kurudishwa kwa mabwana zao, na Washington aliwapata tena baadhi ya watu wa shamba lake. Katika vita hivi vyote hakuna jambo linaloniumiza kuliko hili, na nimeona maelezo mengi ya Yorktown yanayozungumzia upanga wa kusalimu amri uliobebwa na nani, bila neno moja juu ya watu hao.

Wenyeji wa Amerika walilipa pia. Mwaka 1779 Washington alimtuma Jenerali Sullivan katika nchi ya Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji uitwao pia Iroquois, ambao wengi wao walikuwa upande wa mfalme, na amri yake ilikuwa ni kuiharibu nchi hiyo. Zaidi ya vijiji 40 vilichomwa, mahindi yakafyekwa, miti ya matunda ikakatwa, na maelfu wakakimbilia ngome ya Niagara kukabili baridi kali. Kwao Washington aliitwa Mharibu Miji. Mkataba wa amani wa 1783 uliwapa Wamarekani ardhi yote hadi Mto Mississippi, na wenyeji waliokuwa wakiishi humo hawakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Mkataba huo ulisema pia kwamba Waingereza wasiondoke na watumwa wa Wamarekani. Mei 1783 Washington alikutana na Sir Guy Carleton, kamanda wa Uingereza New York, na jambo la kwanza alilolidai ni hilo. Carleton alimjibu kwamba watu walioahidiwa uhuru wameshakuwa huru, wengine wameshasafiri, na kuwarudisha kungekuwa kuvunja heshima ya nchi yake. Alikubali kitu kimoja: waandikwe daftarini, ili kama kuna madai, yalipwe kwa fedha.

Nimelisoma daftari hilo. Lina majina ya watu 3,000 waliopanda merikebu New York mwaka ule, kila mmoja na umri wake, sura yake kama karani alivyoiona, na jina la mtu aliyedai kummiliki. Watoto wachanga wamo, wameandikwa kuwa wamezaliwa huru. Na Julai 31, 1783, katika merikebu L'Abondance iliyokuwa ikienda Nova Scotia, yumo Harry Washington, umri miaka 43, aliyekuwa mali ya Jenerali Washington, aliyemwacha miaka 7 iliyopita.

Nova Scotia iliwapokea kwa baridi, ardhi ya mawe, na ahadi ambazo hazikutimizwa. Thomas Peters, sajini wa zamani katika kikosi cha weusi, alisafiri hadi London kupeleka malalamiko yao, na mwaka 1792 karibu watu 1,200 walivuka bahari kwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Harry alikuwa mmoja wao, naye akarudi katika bara alilotolewa.

Washington alifariki Desemba 1799. Katika wosia wake aliagiza watumwa 123 waliokuwa wake mwenyewe waachiwe huru mkewe atakapofariki. Wakati huo kule Freetown kampuni ya Kiingereza iliyotawala ilikuwa inawadai wakazi kodi ya ardhi waliyoambiwa kwamba hawatailipia. Wakazi walikataa. Hawakuwa na sauti ya kweli katika utawala wa kampuni hiyo, na Septemba 1800 baadhi yao walibandika sheria zao wenyewe na kusema kwamba kuanzia sasa watajitawala. Kampuni ilituma askari, na merikebu iliyofika wakati huo ikiwa imejaa watu wa Jamaica ikaipa nguvu ya kuwazima. Isaac Anderson na Frank Patrick walinyongwa. Harry Washington, aliyekuwa na umri wa miaka 60 hivi, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi pamoja na wenzake, akahukumiwa kufukuzwa. Wakapelekwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom, na huko wafukuzwa wenzake wakamchagua awe mmoja wa viongozi wao.